Mashine Ikidedi, Tunaivaa

Jumanne hivi nilidandia mat ya kuingia tao nikiwa nimevaa kibodi kwa uso. Si nzima, tulia. Ni batani kumi na nne za kibodi ya kitambo, ile ya rangi nyeupe imegeuka njano kama meno ya mzae wa sigara. Nilizifunga kwa fremu ya waya, alafu spoki mbili za baiki zikashika masikio. Donda akanicheki, akacheki soo nimempea, akanicheki tena.

"Buda, hizo ni macho ama ni saiba?"

Mat nzima ikaangua. Manzi wa siti ya nyuma akanishow nigeuke anipige picha. Mathe mmoja hapo kando yangu, kiondo kwa magoti, hakucheka. Aliniuliza pole pole, "Kijana yangu, na unaona mbele kweli?"

Naona, mathe. Batani ya kufuta ndio inaniziba kidogo upande wa kulia, lakini hiyo nimezoea.

Wenye wanamanya sanaa ya hii Nai washaanza kusema naiga Kabiru. Ni ukweli, naiga, na siwezi ruka hiyo kesi. Cyrus Kabiru ni msee wa 1984, kijana wa hapa hapa Nairobi, na hakuna shule ya sanaa yenye inaweza sema ilimfunza. Keja ya kwao ilikuwa inaangaliana na dampo ya Dandora. Yaani unaamka, unafungua dirisha, salamu ya kwanza ni taka na moshi. Mimi ningefunga hiyo dirisha nirudi kulala. Kabiru alishuka akaanza kuokota.

Stori yenye amepiga mara mob ni ya mzae wake. Huyo mzae akiwa mdogo alinunuliwa miwani, akaivunja, akalimwa viboko hadi akachukia miwani milele. Sasa kijana wake alipoanza kulia ati na yeye anataka, mzae akamjibu kama wazae wote hujibu: unataka, jitengenezee. Wengi wetu tukiambiwa hivo tunanuna siku mbili, tunasahau. Huyu akatoka na waya.

Zile miwani anaziita C-Stunners. Kuna zenye ziko na vijiko, zenye ziko na vifuniko vya chupa, zenye ni matumbo ya redio na kompyuta zenye zilitupwa na watu hata hawakumbuki. 2013 akaingia kwa ile mbogi ya TED, 2015 kazi yake ikawa kwa maonyesho ya Making Africa kule Vitra Design Museum, Ujerumani, na sai ukienda Cape Town utapata vitu zake kwa makumbusho ya Zeitz MOCAA. Ameingia pia kwa baiskeli za Black Mamba, zile nyeusi nzito za guka, zenye nduthi zilifukuza barabarani, na ameingia kwa redio.

Lakini mimi chenye hunibamba si hiyo CV. Ni venye anajipiga picha akizivaa. Ukiweka C-Stunner kwa meza, ni skrapu imepangwa fiti. Ikipanda kwa uso inakuwa kiumbe ingine. Unacheki msee, unajua ni msee, mdomo ni wa msee, ndevu ni za msee, lakini kutoka pua kwenda juu kuna kitu inakuangalia na hujui kama inapumua. Ndio maana mathe wa kiondo aliniuliza kama naona. Hakuwa anauliza mambo ya fashoni. Alikuwa anataka kujua ni nani yuko ndani.

Sasa hii maneno ya mtu kuchanganyikana na mashine, ng'ambo wameipiga kitambo. H.R. Giger wa Uswisi alikuwa anachora miili yenye mbavu zimekuwa mabomba, na ile dudu ya filamu ya Alien, 1979, ilitoka kwa kichwa yake. Stelarc, msee wa Australia, alijifungia mkono wa tatu wa mashine 1980, alafu baadaye akaenda kwa madaktari wakamtengenezea sikio kwa mkono. Si tatuu ya sikio. Sikio lenyewe, chini ya ngozi. Neil Harbisson wa kule Catalonia alizaliwa haoni rangi, dunia yake yote ni kijivu, so 2004 akawekewa antena kwa fuvu yenye inageuza rangi kuwa sauti. Anasikia nyekundu. Picha ya pasipoti yake ya Uingereza iko na hiyo antena imetoka kwa kichwa, na walimbishia kwanza kabla wakubali.

Nawapea heshima, hao wasee si mchezo. Mimi hata sindano ya tetanasi huniingiza baridi. Lakini cheki venye stori yao imekaa. Stelarc amesema miaka na miaka ati mwili wa binadamu umepitwa na wakati, kwa hivo mashine iukujie. Mashine ni mpya, inang'aa, mwili ndio mzee. Huku kwetu hiyo picha iko kichwa chini. Mashine hufika hapa ikiwa imeshachoka. Laptopu ni ya eks-UK, iko na stika ya shule ya watoto wa Wazungu. Ndai imetoka Japani na miaka yake saba, ukiwasha inakuamkia na Kijapani, na hakuna mtu amewai kuijibu. Fone imepitia mikono tatu kabla ifike kwako. Hapa mwili ndio uko sawa. Mashine ndio iko na presha na sukari, na ni msee anaibeba, anaipiga kofi kidogo, anaibembeleza iamke.

Hiyo ndio tofauti yenye nataka uishike. Kwa Stelarc mashine inakuja kuokoa mwili. Kwa Kabiru ni mwili unaokoa mashine.

Nilielewa hivi nikiwa kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Fone yangu ilikuwa imeanguka kwa karai ya maji, stori ndefu, tusiingie huko. Duka ya huyo fundi ni upana wa kabati: kioo cha mbele, nyuma yake kastuli, alafu ukuta umejaa fone zimekufa zimening'inizwa kama nyama za buchari. Jamaa amevaa lenzi moja kwa jicho la kulia, imefungwa na lastiki ya suruali. Alifungua fone na kucha ya kidole kidogo, ile kucha ndefu, kumbe si ya urembo, ni ya kazi. Akapaka flaksi, akawasha blowa, ile harufu ya lehemu ikapanda. Na twiza akatoa kitu ndogo kuliko punje ya sukari, akaiweka kwa ncha ya kidole.

"Hii ndio imekula shoti," akasema. Hakuinua kichwa. Kijicho cha lenzi, mkono wa blowa, twiza kama meno. Nikajikuta nimemcheki nikasema, huyu ndiye. Hakuna galari ingeweza kunionyesha msee na mashine wameshikana hivi, na ananiitisha soo tano pekee.

Alichukua punje ingine kutoka kwa bodi ya fone yenye ilikuwa imededi kabisa, akaipanda kwa yangu. Ikawaka. Nikalipa nikahepa kabla ibadilishe nia.

Vile vidude vidogo vya bodini, kuna aina yenye hutengenezwa na tantalamu, na tantalamu hutoka kwa koltani, na koltani mob ya hii dunia huchimbwa Kongo na hapo Rwanda. Kivu, Rubaya, matope hadi magoti, masee wamebeba magunia kwa mgongo. So kabla hata hujanunua fone, kuna mwili wa mtu ushaingia ndani yake. Baadaye inazunguka China, Ulaya, inarudi Luthuli, inakufia Dandora. Alafu msee kama Kabiru anaiokota na kuipandisha kwa uso. Imezunguka dunia nzima kutafuta mtu.

Wakongo wenyewe hii kitu hawajalala nayo. Kinshasa kuna mbogi inaitwa Kongo Astronauts, Eléonore Hellio na Michel Ekeba, wameanza 2013. Ekeba anavaa suti ya mwanaanga yenye imejaa bodi za kompyuta na nyaya, anatembea nayo mitaani, kwa soko, kwa matope. Mwanaanga mwenye hajaenda mwezini. Ameshuka tu hapo nje, na jua la Kinshasa linamchoma, na watoto wanamfuata. Sijawai kuvaa hiyo suti, lakini nimevaa miwani ya kibodi saa saba mchana pale Muthurwa, na nakushow, plastiki ikipata joto inaanza kuuma daraja ya pua. Hii sanaa ni jasho. Kwa picha hautaona.

Mwaka huo huo wa 2013 Kinshasa ilikuwa imeshaweka maroboti makubwa ya kuongoza magari, ya mabati, yenye nguvu ya sola, kazi ya injinia Thérèse Izay Kirongozi. Roboti imevaa miwani ya jua na inanyoosha mkono. Hiyo si ya galari, ni ya kazi, lakini kama kuna msanii ashawai kuamka na wazo tamu kuliko hilo, mniletee.

Alafu kuna ile filamu Neptune Frost ya 2021, Saul Williams na Anisia Uzeyman. Imewekwa Burundi, wakashuti Rwanda, na ndani wanabonga Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, Kingereza, na hadi Kiswahili chetu kinapita hapo. Ni ya wachimba koltani wenye wanatoroka na kuwa mahaka. Mavazi na mazingira ni ya Cedric Mizero wa Rwanda, nyaya na mabaki ya kompyuta zimekuwa nguo. Nitakuwa mkweli: mara ya kwanza sikuelewa nusu yake. Niliirudia. Mara ya pili sikuelewa nusu ingine. Bado naipenda ju ni filamu ya kwanza nimeona yenye mwenye kuchimba jiwe na mwenye kuvunja mtandao ni msee mmoja, si mmoja Afrika na mwingine Marekani.

Na siwezi maliza bila Wangechi Mutu. Mzaliwa wa Nai, 1972, akaenda Marekani, akasoma hadi Yale. Kabla jina liwe kubwa sana alikuwa anakata magazeti: ya fashoni, ya wanyama, ya pikipiki. Anabandika mguu wa mwanamke, goti linakuwa kipande ya injini, bega linakuwa ngozi ya chui. 2006 akafanya mfululizo wa picha kumi na mbili juu ya michoro ya zamani ya udaktari, michoro ya magonjwa ya tumbo la uzazi, akaweka sura za mabinti hapo juu. Ukiziangalia haraka ni warembo. Ukikaa kidogo unaona ni mwili wenye kila mtu ashawai kuukata akitafuta kitu yake: daktari, mwenye gazeti, mwenye kamera.

Hapo ndio yeye na Kabiru wanaachana. Kabiru anacheka na mashine. Wangechi anauliza nani alimfungia huyu dem pikipiki kwa mguu, na kama alimwuliza kwanza. 2019 kazi yake ikawekwa mbele ya makumbusho ya The Met kule New York, sanamu nne za shaba za wanawake wameketi, kwa zile nafasi za ukuta zenye zilikuwa zimebaki wazi zaidi ya miaka 100. Ziko na visahani vinang'aa kwa kichwa, kama vioo, ama kama lenzi. Sanamu ni noma, sikatai. Lakini mimi nichagulie zile za makasi na gamu. Shaba ni ya kudumu, na hii stori naiona vizuri zaidi kwa kitu chenye kinaweza kubanduka.

Wacha nitoe na kisirani yangu kidogo. Kuna mahali pa sanaa hapa jijini, sipataji, nilienda na miwani yangu nikicheki maonyesho. Soja wa geti akapitisha ile fimbo ya kukagua, ikalia kwa uso wangu. Akanishow nivue, niziache kwa kabeseni na funguo na maganji. Nikavua. Nikaingia. Kwa ukuta ndani kulikuwa na vitu za waya na nyaya, zimewekewa taa, na bei yake ukiisoma unaketi chini. Nikarudi kuchukua zangu, nikapata soja amezivaa, anajicheki kwa kioo cha gari. Tukacheka wote. Akaniuliza nauza how much. Hiyo ndio siku pekee nimepewa bei ndani ya hiyo kompaundi.

Cheki hata venye tunabonga. Fone yako ikiisha chaji husemi "fone imezima." Unasema "nimezima." Ukipigiwa na haushiki, watu wanasema "ako mteja." Msee anakaa kwa mat akishika kichwa, ukimwuliza kuna nini anakwambia, "niko na asilimia mbili." Hakuna mtu alitufanyia operesheni. Tangu M-Pesa iingie 2007, pesa ya mathe inalala kwa laini, laini iko kwa kabambe, kabambe iko kwa kitambaa, kitambaa kiko kwa kifua. Ukimwibia hiyo fone hujaiba kitu, umemkata kiungo.

Lakini saiborgi mkali kuliko wote mwenye namjua si msanii. Ni shosh wangu. Mwaka juzi nduthi ilimuangusha akitoka kanisani, mfupa wa paja ukavunjika, na madaktari wakamwekea bamba ya chuma na skrubu sita. Nilipoenda ocha kumsalimia nilimkuta kwa kiti chake nje ya jikoni, mguu umenyooshwa, anachambua maharagwe.

"Mjukuu wangu, waambie hao wengine waanue nguo," akasema.

Jua lilikuwa linawaka. Nikamwambia, "Shosh, na hakuna hata wingu."

"Chuma imeniambia."

Nikacheka, lakini nguo nilianua. Saa kumi na moja mvua ikamwagika ile ya mabati kulia. Kuna msanii wa densi, Moon Ribas, wa Catalonia pia, kwa miaka kadhaa alikuwa na kifaa ndani ya mwili chenye kilitetemeka kila ardhi ikitetemeka mahali popote duniani, na yeye anasimama kwa jukwaa akingoja, ardhi ikitikisika anadensi. Watu wamelipa tiketi kumwona. Shosh anafanya hiyo kitu bure, na huku anachambua maharagwe.

Nilimvalisha miwani yangu ya kibodi. Alikaa nayo kidogo, akageuza kichwa huku na huku kama kuku, akaniuliza hizo herufi zinaandika nini. Nikamshow haziandiki kitu, zimekufa. Akasema basi ziko kama macho yake mwenyewe, na akanirudishia. Picha ninayo. Ameniambia nisiiweke popote, na nimetii.

Sasa naomba kitu. Kwa droo yako, hapo chini ya chaja zenye hazishiki, kuna kabambe imededi, ama rimoti ya TV yenye mliuza, ama redio ya guka yenye kila mtu aliahidi kuipeleka kwa fundi. Usiitupe, na usimuuzie msee wa vyuma kuukuu kwa mbao. Mimi niko kwa mat za jioni za Thika Road, siti ya dirisha, hautanipotea. Niletee. Ya rimoti natoa finje, ya redio tutabonga.